Kaseti Iliyomwita Wa Pili

Wimbo uliomfanya kaka yangu mkubwa ajulikane kutoka Beni mpaka Kanyabayonga ndio uliomzuia wifi yangu, mke wa kaka yetu wa pili, kuolewa tena. Wote wawili waliishi katika uwanja mmoja, Musienene, na kila jioni walipakuliwa maharage ya chungu kimoja. Hawakuchukiana. Kaseti zenyewe nyingi nilizinakili mimi, na mengi ya hayo yalitokea mbele yangu, kwa hiyo nitayaeleza jinsi yalivyofuatana.

Nianze na majina. Kwetu, katika milima hii ya Butembo na Lubero, jina la mtoto halichaguliwi. Mtoto wa kiume wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana nao wana ngazi yao. Ukisikia mtu anaitwa, unajua wangapi wamemtangulia. Mmoja akifa, anayemfuata hapandi kuchukua nafasi yake. Padri au mchungaji huongeza jina la ubatizo, lakini nyumbani na sokoni linalotumika ni lile la kuzaliwa. Ndiyo sababu ukisimama soko lolote la Butembo ukapaza sauti kumwita mtoto wa pili wa kiume, watageuka wanaume wengi, toka msukuma mkokoteni mpaka mwenye duka la vitenge. Kaka yangu aliyepotea nitamwita hapa Wa Pili, kwa sababu ndiyo maana ya jina lake.

Wa Pili alikuwa mfanyabiashara. Alipeleka chumvi, sabuni na vitenge kusini, Kanyabayonga, akarudi na mafuta ya mawese na samaki wakavu wa ziwani. Vita vya pili vya nchi yetu vilipokuja, waasi walianza pamoja, kisha wakagawanyika: wengine wakatawala Goma, wengine wakatawala kwetu, Beni na Butembo. Mpaka wao ukakata barabara yetu kusini mwa Lubero. Siku ulipofungwa, Wa Pili alikuwa upande wa pili na mzigo wake. Alikuwa ameoa msimu mmoja tu uliotangulia. Mbuzi wa mahari walikuwa wametolewa, ndoa imefungwa kanisani, na mke wake alikuwa ameanza kulima kipande chake cha viazi karibu na cha mama. Baba alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa kaka yetu wa kwanza, mwanamuziki.

Kusema mkubwa wa nyumba alikuwa mwanamuziki kuliwafanya watu wacheke, hata kabla ya vita. Alikuwa anapiga gitaa la umeme katika bendi ya baa moja ya Butembo. Waliimba Kilingala, nyimbo za mapenzi na za mitaa ya Kinshasa, mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameuona. Vita vikaivunja bendi bila risasi kuingia ndani ya baa. Mpiga solo alivuka kwenda Kampala. Mpiga ngoma alijiunga na jeshi. Wanajeshi wakaazima spika, na mwenye baa hakuthubutu kuuliza zitarudi lini. Kaka akabaki na gitaa lisilo na mahali pa kuchomekwa.

Akaenda Masereka kwa mjomba wetu, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mkulima wa vitunguu na kabichi, lakini watu walimwita kwenye harusi kwa ajili ya zeze lake. Zeze la kwetu ni kipande cha mti chembamba chenye nyuzi, na chini yake kibuyu kilichokatwa, ambacho mpigaji hukibana kifuani. Ukikisogeza kibuyu mbali na kifua, sauti inafunguka. Ukikirudisha, inafifia. Kaka alikaa huko hadi viazi vilivyokuwa vikipandwa alipofika vikavunwa. Aliporudi alikuwa na nyimbo zake mwenyewe, kwa Kinande, lugha yetu, za mambo tuliyoyajua: mbuzi wa mahari wanaokataa kupanda mlima, bibi harusi anayeonyeshwa njia ya kisimani, mvua inayomkuta mtu katikati ya kilima akiwa na mzigo.

Mara ya kwanza alipopiga pale baa, wateja wa zamani, waliomwita yaya, yaani kaka mkubwa, walimcheka.

“Yaya, ulitoka ku gitare ya umeme, sasa uko napiga kibuyu?”

“Kibuyu haiombake mafuta ya groupe,” aliwajibu.

Walicheka tena, lakini safari hii upande wake. Jenereta za Butembo wakati ule zilikuwa zinakohoa kwa kukosa mafuta.

Akaamua kutoa albamu yake, ya peke yake, bila bendi. Kulikuwa na redio ya kanisa mjini yenye chumba cha kurekodia, na fundi wake alikubali kumsaidia. Mablanketi yalitundikwa madirishani. Mitambo iliendeshwa kwa betri ya gari, kwa kuwa mngurumo wa jenereta ungeingia kwenye kaseti. Mvua ikianza kupiga mabati kila mtu alikaa chini akasubiri, maana Butembo mvua haina haraka ya kuondoka. Mjomba alishuka kutoka Masereka na vijana wawili wa filimbi. Walivaa makoti ya baridi na hawakuyavua hata ndani.

Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ulikuwa wa mama.

Tulipokuwa wadogo mama hakututafuta. Alisimama mwisho wa shamba, akakunja viganja mdomoni, akatuita kwa sauti ndefu iliyovuka bonde, kila mtoto kwa jina lake: wavulana kwa zamu yao, kisha wasichana. Aliita mmoja, akangoja ajibu kutoka huko alikokuwa, ndipo akaita anayefuata. Kaka alitengeneza wimbo juu ya mwito huo. Zeze lilitembea polepole chini yake, filimbi zikaingia baadaye. Alitaka sauti ya mama mwenyewe.

Mama alikuja mjini amevaa kitenge cha misa. Fundi alimsimamisha mbele ya kipaza sauti, akamwomba aite. Mama akakiangalia kile chuma kilichokuwa karibu na pua yake.

“Nitamuita nani hapa? Bengine beko hapa hapa.”

Alijaribu, ikatoka sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akajaribu tena, hivyo hivyo. Mwishoni fundi aliondoa blanketi moja, akaweka kipaza sauti dirishani, na mama akapelekwa nje, mpaka mwisho wa bustani ya mapadri, kwenye maharage. Kutoka pale aliita.

Mimi nilikuwa chumbani. Aliita wa kwanza, na kaka akajibu huku anapiga, kama ilivyopangwa. Akaita Wa Pili. Kisha akangoja.

Hilo halikupangwa. Alipaswa kuendelea. Fundi alimpungia mkono kupitia dirishani, lakini mama alikuwa ameangalia upande wa kusini, na hakuwa anatuona. Mjomba alitaka kusimamisha filimbi, kaka akatikisa kichwa: endelea. Zeze likaenda peke yake. Baadaye mama akamwita wa tatu, halafu mimi, halafu mdogo wangu, na wimbo ukaisha.

Fundi aliuliza kama tutarudia. Kaka alisema hapana, na ule ukimya aubakize kama ulivyo.

“Bale bamama ba sokoni bako wanapita mpaka kule na mizigo,” alisema. “Batapeleka kaseti. Kama iko muzima, atasikia mama.”

Alikuwa anasema kweli. Wanaume hawakuthubutu kuvuka mpaka wa waasi, lakini siku za soko kulikuwa na wanawake waliopita kwa njia za milimani, na wanajeshi wa pande zote mbili waliwaacha, kwa sababu nao walihitaji chumvi na unga. Kaseti huingia vizuri ndani ya gunia la unga.

Kazi ya kunakili ilikuwa yangu. Nilikuwa na meza kando ya barabara kubwa ya Butembo, yenye redio ya kaseti mbili. Kunakili kaseti kulichukua muda ule ule wa kuisikiliza, kwa hiyo mchana kutwa niliwasikiliza mama na kaka. Majirani zangu nao walisikiliza, wapende wasipende. Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa mtoto wa pili kwao. Siku ya kwanza mama alipoita ile zamu na kungoja, mguu wa fundi ulisimama juu ya cherehani, naye akajibu kwa nguvu, kwa Kinande, kama tulivyojibu utotoni.

Barabara nzima ikacheka.

“Jibu vizuri, fundi, mama atakupiga!”

“Mama yangu njo alikuwa naita hivi kabisa,” alisema, na hakucheka sana.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Popote kaseti ilipopigwa, mama akifika pale na kungoja, watoto wa pili waliitika: kwenye mabaa, kwenye malori, mbele ya vinyozi. Wateja wasioelewa walinirudishia kaseti.

“Mama, hii kaseti yako iko na tundu. Hapa katikati batu banakufa.”

“Si tundu. Huyu mama anangojea.”

“Anangojea nani?”

Nikaeleza. Nadhani niliwaeleza wengi mno. Baada ya muda mfupi mji mzima ulijua kwamba mwimbaji yule ana mdogo wake upande wa pili wa mpaka, na kwamba mke wa huyo mdogo yuko Musienene anamsubiri.

Albamu ilifika Beni kabla yangu. Nilipopeleka katoni yangu ya kwanza huko, dereva wa lori alikuwa anaipiga kwenye redio ya gari. Tulipokaribia mji tukasimamishwa kwenye barriere, kizuizi cha wanajeshi. Mwanajeshi aliyetujia hakuwa mtu wa kwetu. Alisema Kilingala na Kiswahili cha kambini. Alisikiliza wimbo, akasikia jina likiitwa, akaukunja uso.

“Nani oyo? Kila siku munaita uyu mutu. Ku baa munaita, ku soko munaita. Ni mukubwa ya Mai-Mai?”

Dereva alifungua mdomo kusema si mtu wa wanamgambo wale, lakini abiria mmoja nyuma, mzee mwenye kuku mapajani, alimtangulia.

“Ni mimi, afande.”

“Wewe?”

“Jina ni yangu.”

“Hata mimi,” alisema kijana aliyekaa juu ya magunia.

“Na mimi, afande,” alisema kondakta.

“Munanicheka?”

Bunduki ilishushwa begani. Dereva akaanza kueleza haraka haraka, Kiswahili na Kifaransa pamoja: kwamba si jina la mtu, ni jina la zamu, kwamba kila mama mwenye wana wawili anaye mmoja. Mwanajeshi alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwao yeye angeitwa nani, maana alikuwa wa nne. Wakamwambia. Akalijaribu jina hilo mdomoni mara kadhaa, akatuacha tupite na kaseti moja pungufu.

Nilipowasimulia nyumbani, kaka alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi yangu alicheka kidogo, kisha akachukua jembe akaenda shambani.

Tangu wimbo uenee, yeye alikuwa amepata kazi mpya ambayo hakuiomba. Watu walileta habari. “Wa Pili amepatikana!” Kila mtu aliyesikia kaseti alitaka kuwa ndiye aliyemwona, na majina yetu yalivyo, wa kuwaona walikuwa wengi. Walituambia yuko Beni, anaoka mikate. Kumbe mwoka mikate alikuwa mtoto wa pili wa watu wengine. Walituambia yuko Kirumba, mgonjwa lakini hai. Tukapeleka salamu kwa wanawake wa soko, na zikarudi salamu za mzee mwenye mvi nyeupe, aliyetushukuru sana kwa kumkumbuka. Kila habari ilipofika, wifi alifua shuka, akapaka sakafu udongo mpya, akaazima jogoo. Kila ilipokuwa si yeye, alimrudisha jogoo kwa mwenyewe. Alikuwa bado kijana. Mwanamke ambaye mume wake anaitwa kwenye kila redio ya nchi hakuna anayemsogelea, hata kwa mzaha.

Ndipo akaja mgeni.

Ilikuwa mchana, baada ya misa ya Jumapili. Tulikuwa tumekaa na mama uwanjani tukimenya maharage mabichi. Mwanamume mmoja aliingia kupitia mlango wa ua wa matete, amevaa koti lililomzidi, na mkononi ana mfuko wa plastiki. Watoto wa majirani walimwuliza jina lake njiani, na tayari walikuwa wamekwisha kulipeleka shambani wakikimbia: “Wa Pili amekuja! Wa Pili amekuja!”

Mgeni alisimama mbele ya mama, akamtazama muda mrefu.

“Mama,” alisema, “ni wewe uliniita?”

Mama alimtazama naye. Maharage yalikuwa bado mkononi mwake.

“Wewe ni wa pili wa nani?”

Akataja baba yake na kilima cha wazee wake. Halikuwa jina letu, wala kilima chetu. Familia yake ilikuwa imehamia upande wa Mambasa, kaskazini magharibi ya Beni, kutafuta mashamba. Vita vilipofika huko walikimbia msituni, kila mtu njia yake. Yeye alitokea Beni peke yake. Akiwa huko kati ya wakimbizi, akasikia kaseti. Mama anaita wavulana watatu na wasichana wawili, kwa zamu. Kwao pia walikuwa wavulana watatu na wasichana wawili. Majina yote yalikuwa ya ndugu zake. Na aliposikia mama huyo amefika kwenye jina lake na kungoja, aliacha kila kitu akaanza kuuliza mwimbaji anakaa wapi.

“Sauti niliona haifanani sana,” alisema. “Lakini nilisema, kaseti inabadilishaka sauti.”

Wakati huo wifi alitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amekimbia kutoka shambani, udongo mpaka magotini. Alimwona mgeni. Akapunguza mwendo, akatembea, akasimama. Akageuka kwenda kwenye pipa la mvua kunawa miguu, na alinawa kwa muda mrefu kuliko udongo ulivyohitaji.

Mama aliinuka.

“Ikala, mutoto wangu. Mutu aliitwa akafika, hatuwezi kumurudisha na njaa.”

Alikaa. Kwanza ilikuwa hadi apumzike, kisha hadi viazi vitoke, kisha hakuna aliyesema hadi lini. Alilala kwenye nyumba ya mjane mmoja jirani, akalima kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alijua kutengeneza vitu: mlango wa ua uliacha kulia, jiko la mama likaacha kutoa moshi machoni. Kaseti ilipopigwa mahali, hakuitika. Aliendelea na kazi yake.

Mimi nilikuwa nakuja kutoka Butembo mwisho wa juma, na anayekuja kwa vipindi huona yale ambayo wenyeji hawayaoni. Niliona kwamba wifi ameacha kufunga kichwani kitambaa cheusi alichokifunga tangu barabara ikatwe. Niliona kwamba mgeni anajua kwamba wifi anapenda chai yake bila sukari. Mama pia aliona. Alianza kuwatuma wote wawili shamba moja, akitoa sababu ambazo hatukuziuliza.

Msimu uliofuata, mgeni alikwenda kwa kaka kama inavyotakiwa, na mjumbe, kuomba ruhusa ya kumwoa. Kaka hakumfukuza. Alisema atafikiri. Akafikiri mpaka wifi akachoka, na Jumapili moja, tukiwa tumemaliza kula, akasema mwenyewe. Kwetu mwanamke hasemi na shemeji yake mkubwa hivyo, na alisema macho yakiwa chini.

“Yaya, lilia ndugu yako. Ao acha ule wimbo. Moja kati ya ile mbili.”

“Nitalilia mutu mwenye sijui kama amekufa?”

“Basi mimi ni nani hapa? Bibi ya mutu ao mjane?”

Kaka alikuwa ameshika kibuyu cha zeze, anakifuta kwa kitambaa mahali palipokuwa safi.

Lazima nieleze. Kwetu mtu asiyepatikana huliliwa kwa mgomba wa ndizi. Hukatwa shina, hulazwa kaburini mahali pa mwili, watu wanakaa matanga, wananyoa nywele, na mke anakuwa huru. Lakini tangu siku ile hakuna anayesimama tena mwisho wa shamba kumwita. Mtu hawezi kuwa ameliliwa na bado anaitwa. Kaka alijua hivyo kuliko sisi wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa na amri ya kuanzisha matanga, na ndiye mwenye wimbo.

“Ni albamu yangu ya kwanza,” alisema mwishoni. “Nilifanya yote juu ya huu mmoja. Ile ingine ni ya kumusindikiza tu.”

“Ninajua, yaya. Wewe unamuita ku kaseti. Mimi njo nangojea ku nyumba.”

Sasa mama alisema:

“Mimi niliita mara moja. Mashini njo iko naita kila siku.”

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomwinamisha kaka. Wiki ile alikuja kwenye meza yangu Butembo, akaniomba niache kunakili. Fundi cherehani aliuliza kuna nini, na tukamwambia. Alishusha kichwa akasema pole, kisha akauliza kama yeye ataruhusiwa kubaki na kaseti yake. Nikaacha siku hiyo hiyo. Haikusaidia sana. Kule Beni walikuwa wananakili nakala za nakala, na katika nyingine walikuwa wameshaondoa ule ukimya ili wapate nafasi ya wimbo mwingine wa dansi. Mama sasa alikuwa anawaita watoto wake mbio mbio, kama mtu anayesoma orodha shuleni.

Matanga yakapangwa baada ya mavuno ya maharage. Mjomba alipelekewa habari Masereka. Ndizi zilifukiwa shimoni ziive, zikakamuliwa, na kasikisi ikaanza kuchacha kwenye mitungi. Mgomba ulichaguliwa nyuma ya nyumba. Mgeni mwenyewe ndiye aliyenoa panga, na sikuona ubaya usoni mwake wala usoni mwa wifi, ila uchovu.

Siku zilipokaribia, akapita mwanamke mmoja wa soko, kutoka Kanyabayonga, akiuza samaki. Alikuwa amesikia kaka ni nani, akataka kumwona kwa macho. Tulimpa chai. Akasema anaujua wimbo, kila mtu kule anaujua, na watoto wa pili wote wanaitika siku ya soko mpaka unaziba masikio.

“Ni mumoja tu haitikake,” alisema. “Iko na meza ya chumvi. Wimbo ikifika pale pa mama, anasimama, anaenda. Anaacha chumvi yake bila mutu. Ikiisha anarudi.”

Hakuna aliyegusa chai.

“Ametoka wapi?” kaka aliuliza.

“Nilimuuliza siku moja. Alisema tu ‘kule juu’. Lakini wote batu ba kule juu banasema hivyo.”

“Iko namna gani? Mrefu?”

“Mrefu hapana sana. Mutu wa kawaida.”

Kaka aliondoka kesho yake. Tulikuwa tumeshafuata habari nyingi za bure, na mgeni alimwambia hivyo kwa upole. Wifi hakufua shuka. Kaka alifika kusini mwa Lubero akakuta mapigano yameanza upya, watu wanapanda na magodoro vichwani, na wanajeshi wakamrudisha. Alijaribu tena kwa njia ya milimani, pamoja na wanawake wa soko, akarudishwa tena, na safari hii alipigwa. Aliporudi nyumbani kasikisi ilikuwa imegeuka siki, na mama alikuwa ameimwaga.

Matanga yakaahirishwa. Wifi na mgeni walikaa mpaka viazi vyao vikang’olewa, kisha wakaenda Beni. Walituaga vizuri. Mama aliwapa mbegu za maharage. Padri wa huko hakuweza kuwafungia ndoa, na hajaweza.

Vita vilipotulia na malori yakaanza kupita, kaka alikuwa kati ya wa kwanza kwenda Kanyabayonga. Alikuta meza mahali pale pale alipoelekezwa, lakini aliyekuwa nyuma yake alikuwa kijana mwingine. Akamwuliza kuhusu mwuza chumvi wa zamani. Kijana alisema alimwachia mzigo wote, barabara ilipofunguka tu. Alipanda lori lililokuwa linaelekea kaskazini. Alisema anaenda kwao. Musienene hatujamwona.